Jina Nililolifuta

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, anayekijua kilichoandikwa na kilichofutwa, aliyenipa umri mrefu kuliko nilivyostahili na akanibakizia akili ya kukumbuka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyetufundisha uaminifu hata katika jambo dogo. Namshukuru Mola kwa afya, kwa watoto, kwa macho ambayo bado yanasoma. Namshukuru pia kwa aibu, kwa sababu mtu aliyenyimwa aibu amenyimwa mlango wa kurudia. Haya ninayoyaandika leo ni ya aibu, na sikuyaandika mapema kwa sababu aliyedhulumiwa alikuwa hai na mimi nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia.

Mwezi uliopita Ndeshi, binti wa Mzee Anaeli, alinipigia simu kuniambia kwamba baba yake amefariki na wameshamzika shambani kwao, juu mlimani. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Namba yangu ilikuwa kwenye simu ya marehemu, na siku zote tatu za msiba hakuna aliyekumbuka kuichaji. "Mzee alikuwa anakutaja, baba mdogo," alisema. "Tukaona si vizuri usikie njiani." Nilisema maneno ambayo Mwislamu huyasema akifikiwa na habari ya kifo, nikakata simu, nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda nimevaa kiatu kimoja, kingine nimekishika mkononi. Watu huniita daktari, na wengine huniita profesa ingawa sikufika huko. Nimesimulia maisha yangu mara nyingi, kwenye mahafali, kwenye harusi za wanafunzi wangu, hata msikitini siku za kukusanya vijana. Kila mara naruka mwaka mmoja. Nasema tu, "Nilifanya kazi kidogo Arusha, kisha nikapata nafasi ya kwenda kusoma nje." Katika neno hilo "kidogo" ndimo alimo Mzee Anaeli.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya mjini yaliyokuwa na rafu tupu yalikuwa yamejaa sabuni za rangi, redio za kaseti na mashati ya mitumba, na kila mtu alikuwa anauza kitu. Mimi nilikuwa kijana mwenye shahada ya kilimo kutoka Morogoro, nimepangiwa kazi katika kituo kimoja cha utafiti wa kahawa miguuni mwa Mlima Meru. Nilipanga chumba Levolosi, nyumba ya uani yenye vyumba sita na bomba moja. Dirisha langu lilitazama uani, kwa hiyo asubuhi nilijua habari za kila mpangaji kabla sijanawa uso. Mwenye nyumba, Bi Zuhura, alikuwa mwanamke wa Kondoa mwenye ulimi mwepesi, na kazi yangu ilimchekesha sana. "Hamisi, umesoma mpaka Morogoro, halafu unalipwa kuhesabu buni?" aliniambia mbele ya wapangaji wote. "Si ungehesabu kokoto za hapa uani? Ni nyingi, na hutapanda mlima." Wapangaji walicheka, nami nilicheka. Hakuwa amekosea sana. Kituoni kulikuwa na mtu aliyekuwa akihesabu buni kwa miaka kumi na miwili.

Mtu huyo ndiye Mzee Anaeli. Alikuwa Mmeru, Mlutheri, mwenye cheti cha kilimo cha zamani na viatu vya mpira vilivyobanduka kisigino. Cheo chake kilikuwa mtafiti msaidizi. Tulikaa chumba kimoja, meza mbili zinazotazamana, na chumba chote kilinuka mrututu, ile dawa ya buluu ya kupulizia kahawa, kwa sababu ghala lilikuwa nyuma ya ukuta wetu. Kwenye rafu alipanga kaunta buku zake, moja kwa kila mwaka, zimefunikwa karatasi za mifuko ya saruji. Kila Jumanne alipanda mlimani kwenye mashamba tisa ya wakulima. Katika kila shamba alikuwa na matawi yake aliyoyafunga uzi mwekundu, na kwenye matawi hayo alihesabu buni nzima, buni zilizoanguka, na buni zilizoshikwa na chulebuni, ugonjwa unaozigeuza buni changa kuwa nyeusi zikauka kabla ya kuiva. Jumanne kwa Jumanne, mvua au jua. Wakati mwingine wakulima wenyewe walimwambia apumzike, buni zipo tu, haziendi popote.

Katika wiki zangu za mwanzo nilizipitia kaunta buku zile nikakuta Jumanne moja haina hata tarakimu. Nikamwuliza, "Mzee, hapa mbona patupu?"

"Soma pembeni."

Pembeni aliandika kwa wino: Sikwenda. Nilizika.

"Basi tuchukue hesabu ya wiki iliyotangulia na ya wiki iliyofuata, tujumlishe, tugawe kwa mbili, tujaze," nilisema. "Ndivyo wanavyofanya."

"Wanavyofanya akina nani?"

"Watafiti."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa shati nje ndani. "Kijana wangu, siku hiyo mimi nilikuwa makaburini. Wewe unataka kunipeleka shambani na maiti ya ndugu yangu iko ndani?" Akacheka, akarudi kwenye kazi yake. Nami niliifunga kaunta buku, kwa sababu alilosema nilikuwa nalijua tangu utoto. Madrasani, ustadhi wetu alitufundisha kwamba habari haiji peke yake. Fulani kaisikia kwa fulani, na yule kwa fulani, mpaka ifike kwa aliyeona kwa macho. Ukimruka mmoja katika mlolongo ule, hata akiwa mchunga mbuzi asiyejulikana, habari nzima inakuwa dhaifu. Tulichapwa kwa kuruka majina. Nilikuwa na miaka kumi na niliijua adabu hiyo kuliko nilivyojua jedwali la kuzidisha.

Yeye ndiye aliyeniambia siri iliyokuwa ndani ya kaunta buku zile. Alisema mvua za vuli zikichelewa kukatika, zikanyesha mpaka Januari, chulebuni huwahi. Miaka hiyo kalenda ya kupulizia dawa, ambayo kituo kilikuwa kinaigawa kwa wakulima, humkuta mgonjwa ameshakuwa mahututi. "Tunawaambia wapulize tarehe," alisema. "Ugonjwa hausomi tarehe." Na mrututu ulikuwa umeanza kuwa ghali, kwa kuwa serikali ilikuwa imeacha kuutolea ruzuku. Mkulima aliyepuliza kwa kuchelewa alikuwa anatupa fedha yake kwenye majani. Mimi nilichofanya ni kuchukua miaka ile kumi na miwili, kupanga majedwali, kuchora, na kuandika kwa Kiingereza. Ilinichukua miezi minne. Nikiyaweka kwenye mizani sasa, macho yalikuwa yake, miguu ilikuwa yake, wazo lilikuwa lake. Yangu ilikuwa lugha.

Jumamosi moja alinikaribisha kwao. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ndani ya migomba, na jiko lilikuwa kibanda cha pembeni kilichotoa moshi kupitia bati. Jogoo alikuwa amefungwa mguu kwenye shina la mgomba. Mzee Anaeli alinipa kisu kabla hata sijakaa. "Huyu anakungoja tangu asubuhi," alisema. "Kibla utakitafuta mwenyewe, mimi mlima unanichanganya." Mkewe, Mama Ndeshi, alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. "Mchinje haraka, mwanangu. Akichinja Anaeli utakula ndizi tupu, na mimi nitaambiwa mchoyo." Nikachinja. Tulikula ndizi zilizopikwa na kuku yule, kisha Mama Ndeshi akanipa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, katika bakuli ambalo nilishindwa kulimaliza na nikakatazwa kuliacha. Ndeshi, wakati huo msichana wa shule ya msingi, alituletea maji ya kunawa na kunichungulia kila nilipomeza.

Tukiwa tunapumzika Mama Ndeshi aliniuliza, "Hiyo karatasi mnayoiandika, na jina la huyu litakuwemo?"

"Litakuwemo, mama. Langu, kisha lake."

"Kwa nini lake liwe la pili? Miaka kumi na miwili naamka alfajiri ya Jumanne kumkorogea uji, na wewe umekuja juzi."

"We mama," Mzee Anaeli alisema akicheka, "mwenzangu kaandika Kizungu chote kile. Mwache atangulie."

"Haya. Lakini nataka nilione kwa macho yangu."

"Utaliona, mama, inshallah," nilisema. Nililitamka jina la Mungu kwa wepesi, kama mtu anayegonga muhuri kwenye barua ambayo hajaisoma.

Haukupita mwezi, Mkurugenzi wa kituo akarudi kutoka Dar es Salaam na neno jipya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametishwa, na mtu aliyetishwa hutisha walio chini yake. Alituita ukumbini, akasimama na bunda la fomu, akasema wafadhili na wizara wanataka kuona matokeo, na kwamba zama za kulipwa kwa kuwepo zimekwisha. Kila mtafiti atafanyiwa tathmini. Makala iliyochapishwa katika jarida ilikuwa na alama kumi na mbili. Alama hizo ziligawanywa sawasawa kwa waandishi wake. Kutembelea mashamba hakukuwa na alama. Kuweka kumbukumbu hakukuwa na alama. Anayetaka kupelekwa masomo ya juu alitakiwa afikishe alama kumi na tano. Kwa watafiti wasaidizi walitaka kitu kimoja tu: jina lionekane kwenye chapisho moja, lolote. Asiye nalo angeingizwa kwenye orodha ya watakaopunguzwa kazini.

Hapo ndipo nilipoona jinsi mizani inavyoweza kumgeuza anayepimwa. Wiki ile ile mwenzetu mmoja, Bwana Urio, aliyekuwa na jaribio la miche ya kahawa la miaka mitano, aliliacha mwaka wa pili. Akapanda maharage kwenye makopo chini ya kivuli nyuma ya ofisi, yakampa matokeo kwa wiki sita. Makala yake moja akaikata tatu. "Kahawa inachukua miaka mitatu kuzaa," alituambia kwenye chai, huku anachovya andazi. "Tathmini ni Septemba. Mniambie nifanyeje." Mwingine akamjibu, "Kata nne, Urio, hiyo ya tatu bado ina nyama." Tukacheka sana. Lakini baada ya hapo sikuona tena mtu akiwasha pikipiki ya kituo kupanda mlimani, isipokuwa Mzee Anaeli, ambaye alikwenda kwa miguu.

Mimi nilikuwa na alama tano nilizozipata kwa vijiripoti. Nilifanya hesabu pasipo mtu kuniona, kwenye karatasi ya kufungia sukari, chumbani kwangu Levolosi. Tano na kumi na mbili ni kumi na saba. Tano na sita ni kumi na moja. Sikuwa na haja ya kuandika zaidi. Niliswali swala ya adhuhuri na baada yake sikuomba istikhara, ile dua ya kumwomba Mungu akuongoze unapotatizwa, kwa sababu sikuwa nimetatizwa. Nilijua lililo sawa. Nilijiambia nitaandika makala ya pili, na humo jina lake litatangulia. Shetani hana haja ya kumwambia mtu wa swala "fanya dhambi". Humwambia "fanya hili kwanza, kisha utatengeneza".

Mchapaji wa kituo alikuwa Da Salome, jirani yake Mzee Anaeli kule juu. Chumba chake kilikuwa kidogo, mashine ya chapa iko dirishani, na kando yake chupa ya chai ambayo hakumnyima mtu. Nilimpa rasimu asubuhi. Akaweka karatasi mbili na kaboni katikati, akazungusha, akaanza. Alipofika kwenye majina nilimwambia aandike moja.

"Rasimu ina mawili," alisema bila kugeuka.

"Hilo la pili nitalishukuru mwishoni."

"Mwishoni wapi?"

"Kwenye shukrani, Da Salome. Ni utaratibu wa kawaida."

Akaacha vidole vyake juu ya mashine. "Na shukrani zina alama ngapi?"

Nilizipanga upya kurasa za rasimu. Akagonga jina langu, herufi moja moja, kwa nguvu iliyotoboa karatasi kwenye nukta. Na hata kwenye shukrani sikumtaja Mzee Anaeli. Niliandika kwamba nawashukuru wafanyakazi wa kituo, kwa hofu kwamba mtu angeliona jina lake pale na kuuliza kwa nini aliyefanya kazi ya miaka kumi na miwili ameshukuriwa kama mtu aliyetuazima koleo.

Makala ilikubaliwa. Mzee Anaeli alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, iliyokuwa na buluu ya mrututu kwenye kucha. "Mungu asifiwe," alisema. "Nanyi semeni lile lenu." Nikasema alhamdulillahi. Hakuomba kuiona. Mtu ambaye hajazi patupu haimpitii akilini kwamba mwingine anaweza kufuta palipojaa.

Kisha likaja ambalo hata leo likinijia kwenye sijida nashindwa kuinua kichwa haraka. Fomu za tathmini zilikuwa za Kiingereza, na Mzee Anaeli aliniomba nimsaidie. Tulikaa mezani kwake. Tulipofika mahali pa machapisho aliniambia, "Nitajie ile yetu, polepole, nisikosee herufi." Ningeweza kusema wakati ule. Chumba kilikuwa na sisi wawili tu. Lakini nilijiambia kwamba kamati haitafungua nakala, itasoma fomu tu, na kila mtu atapata alichohitaji. Nikamtajia jina la makala herufi kwa herufi. Akaliandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani, na akapiga mstari chini kwa rula. Mtu huyo, aliyeandika "Sikwenda" kwa wino, nilimfanya aweke sahihi yake chini ya jambo lisilo la kweli, naye hakujua.

Siku ya kamati niliitwa mapema. Waliipokea nakala yangu, wakanipongeza. Bwana mmoja wa kutoka wizarani akaniuliza takwimu zile nyingi zilikusanywa na nani. Nikasema, "Wasaidizi wa kituo." Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la korido, na Mzee Anaeli akaingia. Mlango ule haukuwa na kitasa kizima, ulibaki wazi kiasi cha kiganja.

"Mzee Anaeli," nilimsikia bwana wa wizarani, "umeandika una chapisho moja."

"Ndiyo. Na kijana wangu Hamisi."

Karatasi zikapekuliwa. "Nakala tunayo hapa. Mwandishi ni mmoja."

"Naomba niione," alisema. Nikasikia kibati cha miwani yake kikifunguliwa. Nilisikia hata ukurasa ulipogeuzwa, na ulipogeuzwa tena, mpaka mwisho, kwenye zile shukrani. Alisoma yote. Kiingereza chake kilitosha kwa hilo.

"Mzee," bwana yule alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, "kudai chapisho lisilo lako ni kosa la nidhamu. Tukiliandika hivyo utakosa hata kiinua mgongo. Kuna mtu amekusaidia kujaza fomu hii?"

Kutoka benchi mpaka mlangoni zilikuwa hatua tano. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi.

"Hapana," alisema Mzee Anaeli. "Nimejaza mwenyewe. Nitakuwa nimekosea. Futeni."

Huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema, na aliusema kwa ajili yangu. Alipotoka alinikuta nimesimama. Akaivuta kofia yake ya sufu mpaka masikioni. "Ingia, wasikungoje," alisema.

"Wameshaniita, mzee."

"Ah. Basi vizuri." Akaenda zake. Hakuharakisha wala hakukokota miguu.

Orodha ya waliopunguzwa ilibandikwa baada ya wiki tatu, na Mzee Anaeli alikuwemo. Siku yake ya mwisho alizifuta vumbi kaunta buku zote kumi na mbili kwa kitambaa chenye maji, na ile ya kumi na tatu iliyokuwa imefika nusu, akaniambia, "Hizi ni za kituo." Kisha akaniuliza ni nani atapanda Jumanne. Nikasema bado hajapangwa. Hakupangwa kamwe. Kazi isiyo na alama haikupata mtu. Wakulima walikaa na matawi yenye uzi mwekundu mwaka mzima wakidhani anaumwa. Kalenda ile ya kupulizia dawa iliendelea kugawiwa vile vile, tarehe zile zile, kwa kuwa makala yangu ilikuwa imeshanipa ilichotakiwa kunipa, na hakuna aliyekuwa anapimwa kwa kumwelewesha mkulima yaliyoandikwa ndani yake. Mimi sikuwepo kuona. Nilikuwa nimeshapanda ndege.

Mungu amenipa mengi baada ya hapo, na sijui kwa nini. Nimekaa kwenye kamati kama ile nikihesabu alama za vijana, na kila ninapokuta makala yenye mwandishi mmoja na takwimu nyingi huuliza nani alitembea. Wengine huniona mkorofi. Sisemi kupima ni kubaya. Mola wetu mwenyewe ameamrisha mizani iwe ya haki. Lakini mizani yetu ilikuwa na sahani moja tu ya kuwekea karatasi, na miguu ya mtu haikuwa na pa kuwekwa, na mimi niliyelijua hilo nilinufaika nalo.

Dini yangu inanifundisha kwamba haki ya Mungu, Mungu huisamehe. Haki ya mja anaisamehe mja mwenyewe. Kwa hiyo nilikwenda. Katika miaka yote hii nilipanda kwake mara tatu, kila mara nimejiandaa. Mara ya kwanza alikuwa anang'oa kahawa ili apande nyanya, kama majirani zake wote, na tukazungumza bei. Mara ya pili kulikuwa na wageni wa kanisani. Mara ya tatu, miaka michache iliyopita, tulikaa barazani sisi wawili tu, amezeeka, blanketi magotini. Mama Ndeshi alikwenda kwa ng'ombe na Ndeshi alikwenda dukani. Kulikuwa na kimya kirefu ambacho mtu yeyote angeweza kukitumia. Nikamwambia chai ilikuwa nzuri. Kisha nikaaga, nikasema nina safari ya kurudi mapema.

Baada ya simu ya Ndeshi nilipanda mara ya nne. Viti vya kukodi vilikuwa bado vimepangwa ukutani, na udongo wa kaburi ulikuwa haujashuka. Niliomba kuzungumza na Mama Ndeshi na binti yake, nikawaeleza kila kitu kama nilivyokieleza hapa, Da Salome, fomu, benchi. Nilieleza nimeinamisha kichwa. Nilipomaliza Mama Ndeshi hakushangaa.

"Nilijua," alisema. "Salome aliniambia mwaka ule ule."

"Na yeye mzee?"

"Yeye hakutaka tulizungumze. Ila ulipokuja mara ile ya mwisho alitutoa nje. Mimi alinituma kwa ng'ombe aliyekwisha shiba. Huyu alimtuma sukari, na sukari ilikuwepo kabatini. Alituambia, tokeni, huenda leo atasema." Akakunja upindo wa kitenge chake. "Ulipoondoka nilimwuliza, amesema? Akanijibu, amesifu chai."

Nililia mbele yao, mzee mzima. Nikamwomba anisamehe. Akanijibu taratibu, bila uchungu, "La kwangu nimeshalisamehe zamani, Hamisi. La kwake ni lake. Siwezi kukupa." Ni jibu lile lile ambalo shehe yeyote angenipa. Kisha akamwambia Ndeshi alete chakula, kwa sababu nimetoka mbali.

Nimetafuta jarida lile niwaandikie barua. Lilikufa zamani. Basi ielezwe hapa, mbele ya Mungu na mbele ya atakayesoma, kwamba yote yaliyojulikana kituoni pale kuhusu chulebuni na mvua za vuli yalijulikana kwa macho na miguu ya Anaeli Nderingo, na mimi nimeyapokea kwake.

Nawe uliyenivumilia mpaka hapa, Mungu akubariki katika kazi yako na akutosheleze kwa kilicho chako. Akupe wa kukutajia jina pale usipokuwepo. Na kama yupo mtu mwenye haki yake kwako, Mola akufungue ulimi angali hai na mko wawili tu, na asikuache umsifie chai. Amina.